Vifuko Vitatu vya Bwana Udongo

Ninyi vijana mtakaosoma haya, sijaandika ili mnionee huruma, wala sijaandika ili muwe watu wazuri. Hiyo ni kazi ya wazazi wenu. Nimeandika kwa sababu kuna jambo ambalo haliko kwa simu zenu hata mkitafuta mchana kutwa. Aliyelijua alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alinyamaza. Wale wa rika langu, mliolelewa kwa laini za wafanyakazi mkiliwa na viroboto na kulamba povu la maziwa kwenye ndoo za wenyewe, ninyi mtanielewa upesi zaidi.

Ilianza na picha. Mjukuu wangu Nekesa, binti ya mwanangu Wafula, anakaa nami hapa Kimumu, Eldoret, pamoja na wazazi wake. Ana miaka kumi na mitatu na kiburi cha mtu anayesoma. Kwa miezi mingi amekuwa akifuata habari za gari moja lililopelekwa kwenye ile sayari ya Mars. Si gari la kupandwa na mtu. Lina magurudumu sita, halina dereva, linaamrishwa kutoka huku duniani, na amri yenyewe inasafiri angani dakika kadhaa kabla ya kulifikia. Kila jioni nikiwa nachambua mboga ananiletea ripoti, akiniita Kukhu, yaani bibi. Leo, Kukhu, limesonga kama kutoka hapa hadi kwa duka la kona. Leo limezunguka jiwe. Leo halijasonga kabisa.

Siku hiyo ya kutosonga nilimuuliza kama limeharibika. Akasema hapana, linaangalia. Linapiga picha za mbele yake, linazituma, watu wanakaa chini wanazitazama, wanakubaliana ni wapi pa kukanyaga, ndipo linaambiwa liende. Likienda kidogo linasimama tena.

Nilimwambia mimi siliamini. Mtu anayekimbia nimemzoea, labda amechelewa, labda amefiwa. Lakini anayekwenda polepole kwenye ardhi isiyo yake, anasimama, anainama, anaandika, anasonga hatua tatu, anainama tena, huyo anatafuta kitu na hajasema ni nini. Nimelelewa kuona hivyo. Nekesa alicheka akasema, Kukhu, unashuku hata chombo. Nikamwambia chombo hakijitumi.

Basi jioni moja akanisogezea simu usoni. Ilikuwa picha ya kibomba kidogo cha chuma, urefu wake kama tochi ya mfukoni, kimelala peke yake chini, kwenye udongo mwekundu wenye changarawe. Hakuna nyasi, hakuna mti, hakuna unyayo wa mtu. Kibomba tu.

"Hiki ni nini?"

"Ni sampuli, Kukhu. Gari linatoboa jiwe, linafungia kipande chake humo ndani. Halafu vingine linaviacha hapo chini, ili gari lingine lije livichukue siku moja."

"Siku gani?"

"Hawajui bado."

"Na nani anavilinda?"

"Hakuna mtu kule."

"Wewe umeenda ukaangalia?"

Wafula alikuwa kwenye kiti chake anatafuna mahindi ya kuchoma. Akasema bila kuinua macho, "Wachana na hiyo, Nekesa. Hao ni akina Bwana Udongo tu. Leo wanachukua udongo, kesho utasikia shamba limeenda."

Mtoto akauliza Bwana Udongo ni nani. Wafula akamweleza vile alivyoelezwa na baba yangu, kwamba zamani huko Ainabkoi kulikuwa na mwizi mmoja wa ofisi aliyekuja kupima mashamba, akala hongo, akabadilisha udongo ndani ya vifuko, na hivyo guga yetu, yaani babu, akanyimwa ardhi. Ndiyo sababu kwetu mtu akificha nyama ya wenzake, au akisema amefagia na hajafagia, anaitwa Bwana Udongo. Wafula amewaita watoto wake hivyo. Mimi mwenyewe nilimwita Wafula hivyo alipokuwa mdogo, na mdomo wangu haukutetemeka.

Chai yangu ilipoa mkononi. Nilikuwa bado natazama kile kibomba.

Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Tulikaa Ainabkoi kwa shamba la Mzungu. Baba alitoka upande wa Bungoma akiwa kijana, akaandikwa kukamua ng'ombe, na mimi nikazaliwa kwenye laini, ile safu ya nyumba za udongo chini ya miti ya saiprasi. Baridi ya huko si baridi ya mchezo. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, na tulichomeka nyayo zetu kwenye kinyesi cha ng'ombe kilichotoka sasa hivi ili zipate moto. Kila kitu kilinuka moshi wa kuni mbichi na dawa ya josho la ng'ombe. Hata maziwa.

Nyuma ya laini, kwenye mteremko, Mzungu alimruhusu baba kulima kipande. Kilikuwa chembamba, kinaanzia kwenye mlango wa jikoni ya mama kinashuka hadi kijito. Udongo wake ulikuwa mweusi, laini, na ukiufumba mkononi ulishikana kama ugali. Viazi vya humo mama alivichemsha kimoja kimoja, kwa sababu viwili havikuenea ndani ya sufuria yetu.

Halafu ikasemekana Mzungu anarudi kwao, na shamba litakatwa vipande wapewe watu. Wafanyakazi nao wangeweza kupata, ila lazima kwanza ardhi ipimwe ijulikane ni wapi panafaa kulimwa na wapi panafaa miti. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hapakuzungumzwa kitu kingine. Baba alirudi kutoka kukamua, akakaa mlangoni akiutazama ule mteremko, akasema anataka hapo tu. Wengine waende wakagombanie kule tambarare, yeye apewe hapo alipozoea. Mama aliomba Mungu akiwa anapepeta mahindi, akiwa ananisuka, akiwa anakoroga uji. Nilijua kutokana na sauti zao kwamba tukikosa hapo hatuna pengine. Bungoma baba alikuwa ameacha ndugu wengi na ardhi ya kutosha mmoja.

Ndipo akaja yeye. Mtu mfupi, koti refu la kaki, viatu vya kamba vilivyopigwa rangi mpaka vikang'aa kwenye tope. Hakuja na kelele wala askari. Alishushwa na gari la serikali asubuhi moja, akiwa na mkoba mgongoni na chuma kirefu begani. Chuma hicho kilikuwa kimesokotwa mwisho wake kama mkia wa nguruwe, na juu kilikuwa na mpini wa mbao. Alikisimamisha, akakizungusha kwa mikono miwili hadi kikazama karibu chote, akakivuta. Udongo ulioshikwa na chuma aliukung'uta kwenye kifuko cha kitambaa cha amerikani, akakifunga kwa uzi, akaning'iniza kadi ndogo yenye namba. Akaandika kwenye daftari. Akatazama mbele, akatazama nyuma. Akahesabu hatua, akasimama, akaanza upya.

Uwanja ambao mimi niliukata mbio uji ukiwa bado unatoa mvuke, yeye ulimchukua siku nne. Jina la Bwana Udongo tulimpa sisi watoto. Jina lake la kweli sikulijua. Hebu fikirini, nimemtukana mtu maisha yangu yote na jina lake silijui.

Vifuko hakuvibeba. Alipochoma shimo alikiacha kifuko hapo hapo, juu ya kipande cha ubao, udongo upate kukauka, yeye akasonga mbele. Jumamosi gari la serikali lilipita na dereva akaviokota vyote akavipeleka mjini. Nyapara alitangaza kwamba atakayegusa kifuko atakiona cha mtema kuni. Kwa hiyo wiki nzima vilikaa kwenye majani kwa mstari, kimoja hapa, kimoja pale, na yeye mbali kule juu anazungusha chuma chake. Nilikuwa nikivitazama navyo kama vinanitazama.

Wengine waliogopa kwa sababu zao. Mimi niliogopa kwa sababu ya mama. Kwetu, yaani kule wazazi wangu walikotoka, ilijulikana kwamba mtu mbaya haji na panga. Anakuja nyuma yako taratibu, anachota udongo wa mahali ulipokanyaga, anaufunga kwenye kitambaa, anaenda nao. Mguu wako ameubeba. Ataufanyia anachotaka. Mama aliliamini jambo hilo sawasawa na alivyoamini kanisa. Mgeni asiyemwelewa akiondoka, mama alichukua tawi akafagia uwanja tangu mlangoni hadi njiani, akifuta nyayo zetu sote. Kijitoni tulipochota maji tuliagizwa kuburuta mguu tukitoka ili tusiache alama. Na sasa serikali yenyewe imeleta mtu anachota udongo mchana, anaufunga kwenye kitambaa, na kuupa namba. Watu wazima wanamwamkia.

Siku aliyofika kwa mteremko wetu nilimfuata. Alichoma shimo la kwanza hatua chache kutoka jikoni, kwenye kijia cha baba cha kuteremkia viazini. Hapo hapo kwenye kijia, ambapo nyayo za baba zilikuwa zimechimba ardhi miaka yote. Sikuweza kuvumilia. Nilimuuliza anapeleka wapi.

Hakunifukuza. Alipangusa mikono, akachuchumaa hadi macho yetu yakawa sawa.

"Napeleka ofisini, mama. Wataangalia kama inaweza kushika viazi na mahindi."

"Utarudisha lini?"

Akacheka kidogo. "Hii ikienda hairudi."

Alinieleza ukweli mtupu. Mtu mzima, mwenye kazi nyingi, alichuchumaa kwenye umande akamjibu mtoto wa laini swali lake kama lilivyoulizwa. Na mimi nikasikia kitu kimoja tu, kwamba haurudi. Nikasema moyoni, na mwizi naye angesema ni ya viazi.

Alichoma mashimo matatu kwa kipande chetu. Vifuko vitatu.

Siku ya pili yake ng'ombe mmoja mwenye pembe iliyopinda alimpiga baba teke gotini. Si jambo geni kwa mkamuaji. Lakini goti lilivimba likawa kama kibuyu, na baba akalala ukutani akisaga meno. Mama alimkanda kwa majani moto. Nilimsikia akimnong'oneza jirani mlangoni kwamba haipendi hii, mguu huu na yule mtu kuchimba kijiani. Jirani akaguna. Basi. Mimi sikuhitaji mtu wa tatu kuniambia.

Mguu wa baba ulikuwa ndani ya kifuko, juu ya ubao, na Jumamosi ulikuwa unaenda mjini.

Nilipanga kama mtu mzima, na hili ndilo linalonisumbua, kwamba sikufanya kwa papara. Nilijua nikiviiba vifuko watatushika. Nikijaza udongo kutoka shamba la jirani nitakuwa nimempeleka jirani. Ilikuwa lazima nipate udongo usio na mguu wa mtu. Nilifikiri siku nzima. Nikakumbuka shimo la marram nyuma ya josho, ambapo zamani walichimba ya kutengeneza barabara. Upande mmoja ulikuwa umemomonyoka ukaning'inia, na sisi watoto tulikatazwa kukaribia, kwa hiyo chini yake hapakukanyagwa na mtu. Palikuwa pekundu, changarawe tupu. Hata mbuzi hawakwenda.

Alasiri, saa ya kukamua, watu wazima wote walipokuwa kwenye zizi na ndoo zikigonganishwa, nilienda. Nilikusanya marram kwa viganja nikaibeba kwenye upindo wa gauni langu, tumbo mbele kama mama mjamzito. Nilifungua kifuko cha kwanza. Uzi alikuwa ameufunga kwa fundo lile lile mama alilofungia gunia, kwa hiyo nilijua kulifungua na kulifunga. Udongo wetu niliurudisha shimoni, nikaushindilia kwa ngumi, si kwa mguu, nisije nikaacha wangu. Nikajaza marram. Nikafunga. Kadi haikusogea. Nikafanya cha pili na cha tatu.

Gauni lilibaki na doa jekundu tumboni ambalo halikutoka kwa sabuni wala kwa kipigo nilichopewa. Nililivaa hivyo hivyo hadi likanibana. Ile picha ya Nekesa ilikuwa na rangi ya lile doa.

Jumamosi gari likapita, dereva akarusha vifuko nyuma bila hata kuvitazama. Na wiki iliyofuata, sikilizeni, goti la baba likanywea. Jumatatu akasimama. Alhamisi akarudi kukamua akiimba. Ninyi mnaosema kwamba goti hupona lenyewe, mimi sasa najua hivyo. Lakini wakati ule nilitembea kwenye laini nimeinua kidevu. Nilikuwa nimemrudishia baba yangu mguu wake na hakuna aliyejua. Nilimwona kila mtu kuwa mjinga kidogo, hata mama.

Mvua ikaja ikaisha. Viazi vikachimbwa. Ndipo siku moja tukaitwa wote mbele ya nyumba ya Mzungu iliyokuwa imebaki tupu, na afisa wa mashamba akasimama kwenye ngazi na karatasi. Akasoma majina na namba. Kila aliyeitwa alivua kofia. Baba alikuwa amevaa koti la harusi. Akasubiri. Karatasi ikaisha.

Aliinua mkono akauliza habari za kipande chake cha mteremkoni. Afisa akarudi nyuma kwenye karatasi, akatafuta kwa kidole, akasema hapo hapafai kulima. Hapo ni changarawe. Patapandwa miti.

Baba alicheka. Alidhani wamekosea, akaeleza kwa heshima kwamba amelima hapo miaka mingi na viazi vyake watu wanavijua. Afisa akamwambia, "Mzee, hayo si maneno yangu. Udongo umepimwa."

Changarawe. Nililisikia neno hilo na miguu yangu ikafa ganzi, miguu yangu mimi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule mtu alikuwa kweli anauliza habari ya viazi. Hapakuwa na mguu ndani ya kifuko. Palikuwa na shamba letu, nami nilikuwa nimelimwaga shimoni na kulishindilia kwa ngumi.

Baba hakukaa kimya. Alipiga kelele ofisini hadi wakamtuma Bwana Udongo mwenyewe arudi aone. Alikuja na lile koti la kaki. Laini yote ilitoka kumtazama, na maneno yalikuwa yameshaenea kwamba amekula kitu kwa mtu fulani. Alishuka hadi kwenye kijia, akainama pale alipochoma shimo, akachota udongo akaufumba. Ukashikana. Akaufungua mkono akautazama muda mrefu.

"Huu sio niliopeleka," akasema. "Kuna mtu amechezea vifuko vyangu."

Watu walimcheka. Walimuuliza ni mwizi gani anaiba udongo na kuacha udongo. Mwanamke mmoja akamwambia labda ni yule mnyama fuko. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alimgeukia baba, akamwomba, na maneno yake ninayo mpaka leo.

"Mzee, niache nichome mashimo mapya sasa hivi. Matatu tu. Udongo wake nitaubeba kwa mkono wangu mpaka mjini, na wewe twende pamoja uuone ukifika."

Hapo palikuwa na shamba letu. Lilikuwa limebaki hatua moja. Baba angesema ndiyo tu. Na kama baba hakusema, mimi ningesema, kwa sababu nilikuwa hatua tano kutoka kwake, nyuma ya leso ya mama, na doa jekundu limenikaa tumboni mbele ya watu wote.

Baba alisema, "Umenitoa mara moja. Hutanitoa mara mbili. Usikanyage tena hapa."

Kwa sababu ndivyo tulivyokuwa. Mama alishuku nyayo, baba akashuku watu wa ofisi, nami nikashuku mtu aliyechuchumaa akanijibu vizuri. Nyumba nzima haikuwa na mtu mmoja wa kumwamini mwingine dakika tano.

Yule bwana alibaki ameshika chuma chake. Halafu akatazama watoto. Si mimi peke yangu, alitupitia mmoja mmoja, na alipofika kwangu macho yake yalishuka kwenye gauni. Sijui kama alijua. Nimeliuliza swali hilo miaka yote na jibu linabadilika kila nikiulizwa na moyo wangu. Aliweka chuma begani akapanda mteremko, na vijana wakamfuata wakimzomea hadi barabarani. Baadaye tulisikia ameondolewa kazini. Sina uhakika kama ni kweli. Nilitamani iwe uongo.

Sisi tulihamia Eldoret. Baba alipata kazi kwa mashine ya mbao, akawa anapasua miti ambayo wengine wanaotesha, na jioni alisimulia habari za Bwana Udongo kwa yeyote aliyekaa karibu. Kadiri alivyozeeka ndivyo hongo ilivyokuwa kubwa. Alipokuwa anakufa nilikaa kando yake siku tatu. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza aliomba maji. Mara ya pili alikuwa amelala, au nilijiambia amelala.

Mwaka mmoja nilipita Ainabkoi nikienda mazishini. Mteremko wetu wote ni saiprasi, minene, mikono ya mtu mmoja haiizunguki. Na itakosaje kunenepa, kwenye udongo ule.

Kwa hiyo msishangae mkinisikia namshuku kila mtu. Watu wa kanisa wananicheka kwamba nahesabu mayai mbele ya kuku. Ninachojua mimi ni kwamba namba ilikuwa ya kweli, uzi ulikuwa wa kweli, karatasi ya afisa ilikuwa ya kweli, na ndani yake mlikuwa na uongo wa mtoto wa miaka minane. Nilimuuliza Nekesa watajuaje kwamba kitakachofunguliwa siku hiyo ni kile kile walichofunga. Akasema kila kibomba kina namba yake, Kukhu. Nikamwambia hata vile vilikuwa na namba. Ndipo akaniuliza vile gani.

Sikumjibu siku hiyo. Nilingoja Jumapili, tumetoka kanisani, Wafula na mkewe na Nekesa wote mezani, ugali bado una moto. Nikawaambia waweke mikono chini. Nikasema yote niliyoyaandika hapa, kuanzia kijiani hadi kwenye doa. Sikuongeza na sikupunguza.

Wafula alikuwa wa kwanza kuongea. "Mama. Na Mzee alikufa hajui?"

"Alikufa hajui."

Alitazama dirishani. Mkewe alisogeza sahani yake mbali, kisha akairudisha. Nilidhani mtoto atauliza kama niliadhibiwa, kwa maana watoto hupenda kujua hilo. Aliuliza kitu kingine.

"Kukhu, yule mtu alikuwa na watoto?"

Sijui. Miaka yote hiyo sikuwahi kulifikiria. Labda wako hapa mjini, labda tunapanga foleni pamoja kwa mashine ya kusaga unga, na kwao wanasimulia habari ya baba yao aliyezomewa Ainabkoi bila kosa. Labda nao wana jina la kumwitia mwongo.

Nilisimama nikashika meza, nikawapa amri, na amri hiyo inaendelea hata nitakapokuwa sipo. Niliwaambia hivi:

"Kuanzia leo mtu asitumie jina la Bwana Udongo kumwita mwongo ndani ya nyumba hii. Atakayelitumia atakula nje. Mkitaka jina la kumwitia mwongo, tumieni langu, Nafula. Sasa kuleni."